Faiba ya nyumbani: wameniandikia MB 40, nikauliza, nikaambiwa nirudi shule

Naandika hii bado nina hasira so mnivumilie, na jina la kampuni silitaji, ila walioko mtaani kwetu wataijua tu.

"Kaka, gawa kwa nane, hiyo ni hesabu ya shule ya msingi." Hayo ndo maneno niliyoambiwa na dada wa huduma kwa wateja, akacheka, halafu simu ikakatwa. Mimi mtu mzima, nalipa kila mwezi bila kuchelewa, nimepiga kuuliza kwa adabu kabisa mbona intaneti yangu haifanani na nilichouziwa, naambiwa shule ya msingi. Nane ya nini? Hakusema. Nikabaki nimeshika simu sebuleni, mke wangu ananiangalia.

Kisa chenyewe ni hivi. Mi nahariri video za harusi. Zamani nilikua natumia bando za simu, na anayefanya hii kazi anajua bando inavyoliwa, unapandisha video ya harusi moja, yani kuituma mtandaoni, bando la wiki limekwisha. Sasa wakapita vijana wanagawa vipeperushi, faiba hadi nyumbani, na maandishi makubwa mekundu "SPIDI MB 40". Sisi huku MB tumeijua kwenye vocha, GB 1 ni MB elfu moja na kitu, kila mtu anajua hadi bibi yangu kijijini. Kwa hiyo nikapiga hesabu yangu, MB 40 kwa sekunde, faili la GB 12 ni sekunde 300, yani dakika tano. Nikafunga hiyo faiba. Nikamwambia mteja wangu wa Mwanza, mama, ukinywa chai tu video ya mwanao imeshafika.

Ilichukua masaa mawili na dakika arobaini. Yule mama amealika ndugu waje kuangalia, wamekaa, mi napigiwa simu kila baada ya robo saa, naangalia kompyuta inasoma MB 1.2, MB 1.2, haipandi. Ile aibu siwezi kuielezea. Huyu mama alinilipa nusu kabla sijagusa hata kamera. Ndo nikapiga huduma kwa wateja nikakutana na huyo dada.

Kesho yake, sijui keshokutwa, akaja fundi. Kijana mdogo, mstaarabu sana, namtoa kabisa kwenye lawama. Akachukua kalamu akaandika juu ya boksi la raota herufi mbili, b ndogo na B kubwa. Akaniambia braza, hii ndogo ni biti, hii kubwa ni baiti, na baiti moja ni biti nane. Watu wa mitandao spidi wanaipima kwa biti, mafaili na bando tunahesabu kwa baiti. So 40 ya kwao ni megabiti, gawa kwa nane unapata MB 5 kwa sekunde. Tukashusha faili toka mtandaoni hapohapo, ikasoma MB 4.5. Nikamuuliza hiyo nusu MB iliyobaki imeenda wapi, akasema kompyuta yangu yenye Windows inahesabu kwa 1024 badala ya 1000, hapo peke yake 5 inaonekana 4.77, na kinachobaki ni anwani na vitambulisho vinavyosafiri na kila kipande cha data. Dakika kumi tu, nikaelewa kitu ambacho sijawahi kuelezwa tangu nianze kutumia intaneti. Hapo nikasema basi, jamaa hawajaniibia, nilikua nimeshaandika nyota moja nikaifuta nikaweka nne.

Halafu usiku nikakaa na kalamu mwenyewe. Hasira ikarudi mara mbili.

Kwanza, kipeperushi. Nikakitafuta nikakipata, B kubwa! Wao wenyewe ndo wameandika B kubwa. Ukibadilisha MB 40 kwenda megabiti unazidisha kwa nane, ni 320. Kwa karatasi yao wenyewe mi ni mteja wa megabiti 320, napewa 40, nikiuliza nachekwa sijui hesabu. Sasa nani hajui?

Pili, hata hiyo nane ya yule dada haijibu swali langu. GB 12 kwa MB 5 kwa sekunde ni sekunde 2400, dakika arobaini, sio masaa mawili na dakika arobaini. Nikampigia fundi, akanyamaza kidogo, akasema braza, 40 ni ya kushusha, kupandisha kwenye kifurushi chako ni 10. Kumi! Gawa kwa nane ni 1.25, ndo ile MB 1.2 niliyokua naitazama usiku ule. Hakuna mahali imeandikwa, sio kwenye karatasi, sio kwenye ujumbe wa kukaribishwa, na mi kazi yangu yote ni kupandisha. Yule dada angeniuliza tu unashusha au unapandisha, yangeisha.

Sasa nyota ngapi? Sijui bana. Laini haikatiki, mvua zote hizi haijakatika, watoto wanaangalia katuni wakati mi nafanya kazi, na bei ukilinganisha na bando ni nafuu kweli. Nikiandika hivi natamani kuwapa tatu. Nikikumbuka kile kicheko narudi moja. Fundi mpeni tano zake peke yake.

Anayetaka kufunga, muulize muuzaji akuandikie kwa mkono, b au B, kushusha ngapi, kupandisha ngapi. Asipojua usitoe hela. Mi nimeomba nipandishiwe upande wa kupandisha, wanasema watanipigia. Leo asubuhi nimepita dukani kwa Mangi, vile vipeperushi bado vimebandikwa mlangoni, MB 40, B kubwa vilevile.