M-CHAT-R: dodoso zuri la dalili za usonji, likitumiwa kwa umri wake

Dodoso hili ni la bure, nalo linastahili sifa. Diana Robins, Deborah Fein na Marianne Barton waliliandaa kwa maswali 20 ya ndiyo au hapana, yanayojibiwa na mzazi wa mtoto wa miezi 16 hadi 30.

Tunalipenda hasa kwa swali la 6 na la 7, ambayo wazazi wengi huyachanganya. La 6 linauliza kama mtoto hunyoosha kidole kuomba kitu au msaada. La 7, kama hunyoosha ili akuonyeshe tu jambo la kuvutia, mfano ndege angani. Anayeomba biskuti kwa kidole kila siku huenda hajawahi kukuonyesha ndege. Jambo alilolifanya mara chache tu, na si kawaida yake, jibu ni hapana.

Kwenye kuhesabu ndipo watu wanapoteleza. "Hapana" ni alama moja, isipokuwa swali la 2 (umewahi kuhisi ni kiziwi?), la 5 (huchezesha vidole karibu na macho isivyo kawaida?) na la 12 (hukerwa na kelele za kila siku?), ambako alama ni ya "ndiyo". Ukisahau hayo matatu, mtoto asiye na dalili yoyote anapata 3, na 3 hadi 7 ni daraja la kati! Daraja hilo linahitaji mahojiano ya ufuatiliaji, yaani mzazi anaulizwa tena kwa undani yale maswali yaliyompa mtoto alama. Akibakiwa na alama 2 au zaidi, apewe rufaa. Kuanzia 8, rufaa moja kwa moja. Aliyepata 0 hadi 2 kabla ya miezi 24 apimwe tena akitimiza miaka miwili. Alama peke yake haithibitishi usonji, na masikio yapimwe pia.

Lisichofaa ni kujazwa kwa kumbukumbu, mtoto akiwa tayari na miaka mitano. Hapo mpelekee daktari kadi ya kliniki na video za simu zenye tarehe. Chagua zile ambazo mtoto yuko na wenzake au anaitwa jina bila kutarajia, maana tunazorekodi kwa kawaida ni za vituko na furaha. Andika pia maneno yake ya kwanza, na kama kuna aliyoyaacha. Mtoto aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo aonwe na daktari haraka, hata dodoso likitoa 0.