Etymonline: kamusi inayokuonyesha Kiingereza kilianzia wapi vituko vyake

Hii ni kamusi ya asili ya maneno ya Kiingereza, yaani haiishii kwenye maana, inakwambia neno limetoka wapi, zamani liliandikwaje na nani alilibadilisha njiani. Ipo kwenye tovuti na kuna app ya simu, kutafuta neno ni bure, aliyeianzisha ni Mmarekani anaitwa Douglas Harper. Natoa nyota tano.

Chukua neno island. Ile s haijawahi kutamkwa! Kwenye Kiingereza cha kale haikuwepo kabisa, ila baadaye watu wakaona neno linafanana na isle, ambalo limepitia Kifaransa kutoka Kilatini insula, wakaamini ni ndugu basi wakachomeka s. Wala sio ndugu. Debt nayo ilichukuliwa kwa Wafaransa ikiwa dette, haina b, wakaja waliosoma Kilatini wakakumbuka debitum wakaweka b kwenye maandishi, mdomoni imegoma kuingia mpaka leo. Doubt ni hivyohivyo. Na could iliwekewa l ili tu ifanane na would na should, ambazo zenyewe zilikuwa nayo tangu mwanzo.

Hapo ndo naipendea hii kamusi. Mtoto akiandika island bila s anawekewa alama ya kosa na anaanza kujiona hana akili, kumbe kaandika kile anachosikia, na waliokosea ni wasomi karne kadhaa nyuma. Hili linaniuma kweli, na natamani kila anayefundisha Kiingereza awe anafungua huu ukurasa kabla ya kusema "kariri tu".

Upande wa maana ndo utakesha. Nice imetokana na Kilatini nescius, yaani asiyejua, na ilipoingia kwenye Kiingereza ilimaanisha mjinga, halafu ikahama taratibu, ikapita kwenye mtu wa kuchaguachagua, ikaja kwenye umakini, mwisho ikatua kwenye uzuri. Silly ikaenda njia ya kinyume, ilianza na heri na baraka, ikawa mtu asiye na hatia, kisha wa kuhurumiwa, leo ni mpumbavu. Girl zamani alikuwa mtoto yeyote, wa kike au wa kiume.

Ila nilichokipenda kuliko vyote ni habari ya n inayohama. Apron ilikuwa napron, watu wakisema a napron kwa haraka sikio linasikia an apron, basi n ikahamia upande wa pili na haikurudi. Adder, yule nyoka, naye alikuwa nadder. Halafu kuna maneno yaliyoiba n badala ya kuipoteza, newt, yule mnyama mdogo anayefanana na mjusi, alikuwa ewt, na nickname ilikuwa ekename, yaani jina la nyongeza. Sasa hebu jaribu kutamka mwenyewe a napron, an apron, uone kama unaweza kuzitofautisha.

Matumizi ni rahisi, unaandika neno juu, linakuja na karne au mwaka lilipoanza kuonekana kwenye maandishi (kumbuka ni maandishi, kuongelewa huenda kulianza mapema zaidi), na maneno yanayohusiana unabonyeza unaendelea. Ukiona mzizi una kinyota mbele yake ujue hakuna mahali umekutwa umeandikwa, wataalamu wameujenga kwa kulinganisha lugha. Watu wengi wanakipuuza hicho kinyota wakati ni cha muhimu sana, maana kinatenganisha kilichoshikwa kwenye maandishi na kilichokisiwa. Ukitafuta safari utakuta wamesema wazi kwamba Kiingereza kimelitoa kwenye Kiswahili, na huko nyuma ni Kiarabu.

Maelezo yote ni kwa Kiingereza na yamebanwa, kwa hiyo anayeanza kabisa kujifunza atapata shida, huyo atumie kwanza kamusi ya kawaida. Kwa mwalimu, mtafsiri, mwandishi au mtu tu anayependa lugha, pakua leo. Anza na knight uone kwamba ile k na ile gh zote zilikuwa zinatamkwa, halafu nenda colonel, maana hapo kulikuwa na maumbo mawili, moja lina l na jingine lina r, maandishi yakabaki na la kwanza, midomo ikabaki na la pili.