Vinia za meno bila bima: nililipia mbili, nikakataa sita

Karatasi ya makadirio niliyopewa kliniki ya kwanza niliikunja mara nne kabla sijafika mlangoni. Vinia za kaure, yaani maganda membamba yanayobandikwa mbele ya meno, kwa meno nane ya juu, na chini kabisa jumla iliyozidi mishahara yangu ya miezi mitano. Jamani, mimi nilikwenda na shida ya meno mawili! Moja la mbele lilikatika pembe nilipoanguka na baiskeli, na jirani yake lilitibiwa mzizi miaka ya nyuma likabaki limefubaa, rangi ya majivu. Picha zote nilizopiga tangu hapo nimefunga mdomo.

Bima sina. Ila wenye nayo wasinihurumie sana, maana bima nyingi huhesabu vinia kuwa urembo na hazichangii chochote. Sote tunaingia mfukoni mwetu.

Pale kliniki ya kwanza waliniambia nikifanya mawili peke yake hayatalingana na mengine, kwa hiyo bora nane. Hoja yenyewe si ya uongo, kulinganisha rangi ya jino moja na majirani zake ni kazi ngumu kweli. Kilichonikasirisha ni mkopo. "Miezi 12 bila riba," dada wa mapokezi akaniambia huku kalamu ameshanishikisha. Nikaomba nisome kwanza. Kwenye maandishi madogo: nikifika mwezi wa mwisho nikiwa na salio lolote, riba inahesabiwa kwa deni zima kuanzia siku ya kwanza. Nikairudisha kalamu.

Usiku nikakaa na kikokotoo. Vinia za kaure zikitunzwa hudumu kama miaka 10 hadi 15, nyingine zaidi. Mimi nina miaka 31. Hata zikifika 15, nitazinunua tena nikiwa na 46, na tena nikiwa na 61. Tena siwezi kughairi katikati, kwa sababu ili vinia ikae vizuri daktari kwa kawaida hukwangua gamba la jino, mara nyingi kama nusu milimita, na gamba hilo halioti tena. Ukishakwangua, jino hilo utalifunika maisha yako yote. Sasa zidisha kwa nane. Meno sita kati ya hayo yalikuwa mazima, kosa lao ni umanjano kidogo, na mawili kulika ncha kidogo.

Nikaenda kliniki ya chuo cha udaktari wa meno, ambako wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanatibu chini ya wasimamizi wao. Kwa hizo mbili bei ilikuwa chini ya nusu ya ile ya kwanza, kwa kila jino. Nilisubiri miezi miwili kupata nafasi.

Mwanafunzi niliyepangiwa hakuanza na vinia. Alianza na fizi zangu, zilizokuwa zikitoa damu kila akizigusa, akaniambia gundi haishiki penye damu. Nikasafishwa ugaga. Halafu nikapewa vibao vya plastiki vya kuvaa usiku na dawa ya kung'arisha meno, na lile jino la majivu likawekewa dawa yake ndani. Vinia haing'ariki, rangi utakayochagua ndiyo utakayozeeka nayo, kwa hiyo kung'arisha hutangulia. Kisha tukasubiri wiki mbili nyingine, kwani dawa hiyo ikiwa bado mbichi kwenye jino hudhoofisha gundi.

Hapo ndipo nilipookoa fedha nyingi kuliko punguzo lolote. Meno yalipong'aa, yale sita sikuyaonea tena haya. Yale mawili yaliyolika ncha yakajazwa kwa komposite, resini ya rangi ya jino, siku hiyohiyo bila kukwanguliwa. Komposite ni rahisi na ikivunjika inazibwa palepale, ila hudumu miaka mitano hivi au zaidi kidogo, na inashika madoa. Kwa ncha inatosha. Kwa lile jino lililofubaa nilitaka kaure, na ilibidi iwe nzito kidogo ili weusi wa ndani usichungulie.

Siku ya kuchagua rangi mwanafunzi alizima taa ya kiti akanipeleka dirishani, akaniwekea vipande vya rangi mdomoni kimoja kimoja. Kile nilichokipenda chini ya taa, kwenye mwanga wa jua kilifanana na sinki la kunawia. Tukashuka rangi mbili.

Kukwanguliwa kwenyewe hakuna hadithi. Sindano ya ganzi, mlio, vumbi. Hadithi ni zile vinia za muda za plastiki. Nilipofika nyumbani nikaona kila nikitamka "f" upepo unatoroka, na neno la kwanza kunishinda likawa "fedha". Siku ya nne, kazini, nikatafuna kifuniko cha kalamu kama kawaida yangu, moja ikadondokea kwenye kibodi. Nikaifunga kwenye tishu nikarudi chuoni nimeziba mdomo kwa mkono.

Kaure zilipotoka maabara, msimamizi alipitisha kichuma chenye ncha kwenye ukingo wa moja, karibu na fizi. Kikakwama. Akapitisha tena, kikakwama palepale. "Rudisha," akasema, akaondoka. Nilitamani kulia, kwa sababu ilikuwa wiki tatu zaidi na plastiki, na maabara ilipochelewa hakuna aliyenipigia simu. Lakini ukingo unaokwama huhifadhi uchafu, na jino huoza chini kwa chini usione. Sijui kama ile kliniki ya kwanza wangerudisha.

Jumla nilikwenda mara tisa, na baadhi ya siku nilikaa kitini saa tatu mdomo wazi hadi taya zikagoma. Kama kazi yako haina ruhusa za hapa na pale, chuo kitakutesa. Malipo yalikuwa kwa hatua, unalipa kilichofanyika siku hiyo, isipokuwa maabara waliotaka nusu mapema. Kitu kimoja hakikuwa kwenye makadirio na kiliniuma: kinga ya kuvaa usiku, kwa sababu nasaga meno nikilala na kaure haipendi hilo. Ulizeni mapema kama kinga imo, kama za muda zimo, na ikipasuka ndani ya mwaka nani analipa.

Na wale wanaobandika vinia majumbani bila leseni, bei yao nimeiona. Niliuliza mmoja kama atapiga picha ya mizizi kwanza, akaniuliza ya nini.

Mwezi wa tisa ncha moja ya komposite ilimeguka. Kalamu tena, sijajifunza. Waliirekebisha kwa dakika ishirini, nikalipa kidogo nikarudi kazini kabla ya mchana. Kaure mbili ziko palepale.