Enaji bila sukari: ipi ununue Mwanza, na uangalie nini kwenye kopo

Kopo la Red Bull la kawaida la ml 250 lina sukari gramu 27 hivi na kafeini mg 80. Lile lisilo na sukari la ujazo huohuo lina kafeini mg 80 vilevile. Sukari ndiyo iliyotolewa, basi. Kilichokuwa kinakukesheza kimebaki palepale. Na kwenye makopo makubwa yasiyo na sukari, hasa yanayouzwa kwa watu wa mazoezi, kafeini inapanda mara mbili mpaka karibu mara nne ya hapo. Anayefungua friji ya duka pale Nyegezi stendi akachagua kwa kuangalia neno "zero" tu, usingizi wake, moyo wake na mfuko wake bado hajavifikiria.

Mpangilio wa orodha iliyo hapa chini umefuata mambo matatu: lebo inataja kafeini kwa namba au haitaji, kopo zima lina mg ngapi, na kama kuna kichangamshi kingine ndani yake. Ladha hatukuihesabu, kila mtu na ulimi wake.

Kipimo cha kukumbuka kabla ya kutoa hela: mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza kwamba mtu mzima mwenye afya hana wasiwasi akiwa chini ya mg 400 kwa siku na mg 200 kwa mkupuo mmoja. Mjamzito na anayenyonyesha, mg 200 kwa siku nzima. Hesabu hiyo inajumlisha kila kitu, pamoja na chai ya rangi ya asubuhi (kikombe kina mg 40 hadi 50), kahawa ya kijiweni na soda ya kola. Wengi hukosea hapo: wanahesabu kopo na kusahau chai.

Kusoma lebo

Geuza kopo, tafuta maandishi madogo karibu na orodha ya viambato. Makopo ya kuagizwa huwa na Kiingereza, mengine Kiarabu, lakini tarakimu zinasomeka. Sheria ya Ulaya inataka kinywaji chenye kafeini zaidi ya mg 150 kwa lita kiandikwe onyo, na mbele yake kiasi kwa kila ml 100. Kwa hiyo utakuta "32 mg/100 ml". Namba hiyo ni ya ml 100 tu. Kopo la ml 250, zidisha kwa 2.5, unapata 80. Kopo la ml 500, zidisha kwa 5, unapata 160. Watu wawili wanaweza kushika makopo yaliyoandikwa namba ileile na mmoja akanywa mara mbili ya mwenzake.

Makopo yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutaja kafeini ya kopo zima, au hayataji kabisa, maana kule kuitaja si lazima. Ukikuta orodha inasema "mchanganyiko wa nguvu" wenye jumla ya mg fulani, ndani yake kafeini, guarana, taurini na ginsengi bila kugawanywa, huna namna ya kujua kafeini ni kiasi gani. Rudisha kwenye friji.

1. Kopo dogo la ml 250, kafeini mg 80

Red Bull isiyo na sukari ndiyo inayoonekana zaidi kwenye supamaketi za mjini. Kafeini yake inajulikana, ni ndogo, na ukihitaji zaidi unaweza kuongeza kopo la pili saa kadhaa baadaye ukijua umefika mg 160. Taurini yake ni mg 1,000 hivi. Kasoro yake ni bei: unalipia jina. Kopo lolote jingine la ujazo huu lenye namba ya mg 30 hadi 32 kwa ml 100, tarehe inayosomeka na alama ya TBS, lichukue bila kujali jina.

2. Kahawa nyeusi isiyo na sukari

Ipo kwenye orodha ya enaji kwa sababu inafanya kazi ileile kwa sehemu ndogo ya bei. Kijiko cha chai cha kahawa ya unga inayoyeyuka, gramu 2 hivi, hutoa karibu mg 60. Ikiwa ni ya robusta inaweza kuzidi. Ng'ambo ya ziwa, Bukoba, ndiko kiwanda cha kahawa cha TANICA kilipo, na kahawa ya Kagera kwa sehemu kubwa ni robusta, ambayo kafeini yake ni karibu maradufu ya arabika. Tumeiweka ya pili kwa sababu moja: kipimo kinategemea mkono wa anayechota. Kijiko cha kulundika si kijiko cha kufuta. Mvuvi wa dagaa anayeondoka mwaloni jioni na kurudi alfajiri atafaidika zaidi na chupa ya chai yenye kahawa ya vijiko vinne vya kufuta, anywe kikombe kimoja kila baada ya saa mbili, kuliko kumaliza kopo zima saa mbili usiku na kusinzia saa kumi wakati wa kuvuta nyavu.

3. Kopo kubwa la ml 500, kafeini karibu mg 150

Hapa yupo Monster Ultra, lile kopo jeupe na ndugu zake wa rangi. Kwa kila ml 100 halimzidi wa kwanza. Tatizo ni kopo lenyewe: halifungiki tena. Ukilifungua unalimaliza, maana gesi inatoka na joto la Mwanza halisubiri. Hivyo umekunywa mg 150 kwa mkupuo, upende usipende. Ndani kuna pia guarana na ginsengi. Linamfaa mtu mzima mwenye mwili uliozoea, kwa siku ambayo hatakunywa kahawa nyingine, na kabla ya saa nane mchana. Wawili wakigawana ni bora zaidi, na bei inashuka kuliko ya namba moja.

4. Makopo ya mazoezi na vichupa vidogo

Celsius ya ml 355 ina mg 200. Kichupa cha 5-hour Energy, ml 57 tu, kina mg 200 pia. Reign na Bang ya ml 473 hufika mg 300, yaani mkupuo mmoja unaovuka kile kiwango cha mg 200 na kubakiza mg 100 tu kwa siku nzima. Hizi hazikai kila duka. Huja na msafiri au hupatikana kwa wauza virutubisho. Kwa mtu wa kilo 55 asiyezoea, mg 300 ni mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, tumbo kuvuruga na usiku mzima wa kutazama dari. Hatuoni kazi ya kawaida inayohitaji hiyo.

5. Unga na vidonge visivyo na kipimo

Usinunue. Unga wa "kabla ya mazoezi" unaopimwa kwa kijiko cha plastiki, vidonge vya "nguvu" visivyo na kisanduku, au chochote chenye vichangamshi vikali kama yohimbini, sinefrini (huandikwa pia "bitter orange", yaani dondoo ya chungwa chungu) au DMAA. Hivi vinaweza kupandisha presha, na vikikutana na kafeini vinasukumana upande mmoja. Efedra, kichangamshi kingine cha aina hiyo, nayo ilipigwa marufuku kwenye virutubisho Marekani mwaka 2004.

Viambato vingine vinafanya nini

Guarana ni kafeini kwa jina jingine. Mbegu zake zina kafeini nyingi kuliko buni, kwa hiyo ikitajwa bila mg, ongeza shaka. Dondoo ya chai ya kijani, yerba mate (majani ya chai ya Amerika Kusini) na mbegu za kola ni vivyo hivyo. Taurini haichangamshi kama wengi wanavyodhani, na kwa viwango vya kwenye makopo haijaonekana kuwa na hatari kwa mtu mzima. Ginsengi huwekwa kidogo, lakini anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aiache.

Vitamini B huwekwa ili lebo ijae. Hata hivyo B6 ihesabu: kopo dogo lina mg 5 hivi, na kikomo cha Ulaya tangu 2023 ni mg 12 kwa siku. Makopo matatu kila siku kwa miezi, na ganzi ya vidole inaweza kuanzia hapo.

Utamu unatoka kwa sukralosi, asesulfamu K au aspatemu. Aspatemu huharibika kwenye joto na tindikali: kopo lenye aspatemu lililokaa juani mbele ya kioski wiki mbili linaweza kuwa na utamu uliopooza, huku kafeini ikiwa nzima kabisa. Na meno hayajapona kwa sababu sukari haipo. Tindikali ya kinywaji inalainisha ngozi ya jino. Sukutua kwa maji, subiri nusu saa ndipo upige mswaki.

Muda, dawa na pombe

Kafeini hufika kilele dakika 30 hadi 60 baada ya kunywa, na nusu yake huwa bado mwilini baada ya saa tano hivi. Dereva wa safari ya usiku anayesikia macho mazito aegeshe, anywe kopo dogo, alale dakika 20 na kengele ya simu. Ataamka wakati kafeini ndiyo inaingia. Kunywa huku anaendesha kunamwacha dakika 20 hadi 30 bila msaada wa kutosha.

Vidonge vya uzazi wa mpango huongeza muda huo karibu maradufu. Siprofloxasini, ambayo wengi hupewa kwa taifodi au mkojo, nayo huzuia ini kuondoa kafeini. Kopo lililokuwa halikusumbui linaweza kukutetemesha ukiwa kwenye dozi. Mueleze mfamasia kabla. Mwenye presha, moyo usio na mpigo wa kawaida, vidonda vya tumbo au wasiwasi mkali aruke orodha yote, na watoto vilevile.

Kuchanganya na konyagi kunaondoa usingizi wa pombe lakini ulevi uko palepale. Mtu anajiona mzima, anawasha pikipiki.

Pale dukani

Kopo lililovimba kitako, lenye kutu kwenye ukingo au lililobonyea penye mshono, acha. Yaliyolala kwenye ndoo ya barafu futa mdomo wake kwa maji safi kabla ya kunywa. Barafu ile ya kupozea si ya kunywa. Chupa za plastiki za bei nafuu zinazopangwa stendi kwa kawaida ni za sukari hata zikiwa na rangi ya fedha. Soma mstari wa kabohaidreti, si mbele ya chupa.

Kulinganisha bei, gawanya bei kwa mg za kafeini kisha zidisha kwa 100. Tuseme kopo ni shilingi 4,000 na lina mg 80: mg 100 zinakugharimu 5,000. Jingine ni 6,000 kwa mg 150: ni 4,000. Kahawa ya unga haitafika hata robo ya hapo. Ukinunua katoni, fungua na usome tarehe ya makopo ya chini, maana ya juu ndiyo huwekwa mapya.