Matembezi ya usiku ya kutafuta vyura Amani: mwongozaji hodari, usafi haujatosha

Aprili, masika yalipokolea, mimi, binti yangu na wageni wengine tulimkodi mzee mmoja mwongoza wageni atutembeze usiku katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, wilayani Muheza, tukiwa na nia ya kujifunza kuwatambua vyura wa Usambara Mashariki.

Jambo la kwanza alilotutaka ni kuzima tochi. Tulisimama gizani robo saa nzima akitutenganishia sauti moja baada ya nyingine, hadi tukaijua ile inayolia kama kijiko kinachogusa bilauri, ambayo ni ya Nectophrynoides tornieri, chura mdogo asiyetaga mayai majini bali huzaa watoto waliokwisha kuota miguu. Ndipo tulipowasha tochi na kumkuta juu ya jani, usawa wa goti. Kwa somo hilo peke yake ningelipa tena.

Kando ya kijito alitufundisha kuanza na mboni ya jicho: iliyosimama wima ni ya vyura wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Leptopelis, iliyolala ni ya wale wa Hyperolius. Rangi haiaminiki, kwa kuwa Leptopelis vermiculatus huweza kuwa wa kijani chenye michirizi myeusi au wa kahawia. Binti yangu alipouliza kuhusu salamanda, mzee alimjibu kwamba Tanzania hawapo, ila yupo Boulengerula boulengeri, amfibia asiye na miguu aishiye udongoni, ambaye mtu akimfukua kwa jembe humdhania nyungunyungu, kumbe ana taya na meno, na hula viumbe vidogo vya udongoni kama mchwa na nyungunyungu.

Lakini hakuna aliyetukagua viatu, ingawa baadhi yetu tulitoka kwenye mabwawa mengine, na wageni wawili waliachwa washike vyura kwa mikono iliyopakwa dawa ya mbu. Ngozi ya chura hupitisha hewa na maji, na sumu pia. Kuvu iitwayo Batrachochytrium, inayowaua vyura kwa kushambulia ngozi yao, husafiri kwenye tope la viatu. Ilipatikana katika korongo la Kihansi, kwenye Milima ya Udzungwa, wakati chura wa huko, Nectophrynoides asperginis, wa jenasi moja na huyu wa Amani, alipotoweka baada ya maji ya maporomoko kuchepushwa kwa ajili ya umeme. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa hayupo tena porini. Nilimweleza mzee hayo kwa heshima, naye alinisikiliza.

Vuli ikianza tutarudi kwake, nikiwa na brashi na dawa ya kusafishia viatu vya kikundi kizima.