Makumbusho ya Agora, Athens: jiwe la kura limemkosha shangazi

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya jua la njiani.

Naishi Athens mwaka wa tisa sasa na nilikuwa sijawahi kuingia Agora, soko la kale la mji huu. Treni ya kwenda Piraeus inapita katikati ya eneo lile, magofu unayaona dirishani, unasema iko siku. Siku yenyewe imeletwa na shangazi yangu, aliyekuja kunitembelea kutoka Tanga. Shangazi alikuwa balozi wa nyumba kumi miaka mingi, na mpaka leo ni kijumbe wa upatu mtaani kwao. Kwa mambo ya mikutano humdanganyi.

Mtembezaji tuliyemlipa nje (simtaji) alitukimbiza kwenye sanamu nusu saa nzima, vitu vya uraia akavipita kama daladala iliyojaa. Tukaachana naye. Okoa hela yako: kila kabati lina maelezo kwa Kigiriki na Kiingereza, yanatosha.

Makumbusho yamo ndani ya Stoa ya Attalos, jengo refu la nguzo lililojengwa upya kati ya 1953 na 1956. Shangazi alipoiona tu akasema, "Hii baraza." Hakukosea, ni pana, ina kivuli, na watu wa kale walikuja kupiga soga na kununua vitu mumo humo.

Cha kuendea ni kipande cha marumaru kilichochongwa vitundu vyembamba, safu kwa safu. Jina lake kleroterion. Kila aliyetaka kuwa mzee wa baraza mahakamani alikuja na kibati chenye jina lake, la baba yake na la kitongoji chake. Vibati vinachomekwa kwenye vitundu. Ubavuni kulikuwa na mrija wenye vigololi vyeupe na vyeusi. Kikidondoka cheupe, mstari mzima unaingia kazini siku hiyo. Cheusi, mstari mzima warudi nyumbani. Humjui atakayekuhukumu, basi utamhonga nani? Hata Baraza la watu 500 lilijazwa kwa kubahatisha, watu 50 toka kila kabila kati ya makabila 10, na hakuna aliyekaa zaidi ya mara mbili maishani. Majenerali ndio waliochaguliwa kwa kunyoosha mikono.

Shangazi alisimama pale mpaka nikachoka mimi. "Mwanangu, si kura ya upatu hii?" Ndiyo hiyo. Sisi tunapiga kura vikaratasi vikitikiswa kikapuni kujua nani apokee mwanzo, na tunapiga kura kumchagua mbunge, neno moja. Wale waliona ile ya kikapu ndiyo ya demokrasia hasa.

Jirani na hapo kuna vigae vya vyungu vilivyokwaruzwa majina ya wanasiasa wa enzi hizo: Themistokles, Aristeides, Kimon. Hiyo ilikuwa kura ya kumfukuza mtu: zikifika 6,000, mwenye jina lililoongoza anaondoka mjini miaka 10, mali yake haiguswi. Nikamsimulia kuwa kisimani kando ya Akropoli viliokotwa vigae kama 190 vya Themistokles, lakini miandiko ilikuwa ya watu 14 tu. Akacheka hadi mlinzi akageuka. "Walikuwa wanawagawia watu mlangoni!"

Ipo pia saa ya maji: chungu kinachotiririsha maji kwenye chungu kingine kwa dakika 6 hivi, yakiisha na hotuba imeisha. Hiyo shangazi angeibeba.

Alipouliza wanawake walikaa upande gani mkutanoni, nikamwambia hawakukaa. Watumwa pia hapana. Na mimi? Kwa sheria ya Perikles ya 451 KK, raia ni aliyezaliwa na baba na mama wote raia. Mgeni aliyehamia aliitwa metoikos: analipa drakma 12 kwa mwaka, yaani karibu ujira wa siku 12 wa fundi, vita vikija anaitwa, mkutanoni haingii. Nina kibali cha kukaa mfukoni, kodi nalipa, kura sina. Nililisoma lile neno mara mbili nikasogea kabati la pili.

Jioni tukapanda Pnyx, kilima raia walichokutania. Hakina tiketi. Vaeni viatu vinavyokamata, mawe yanateleza, na bebeni maji. Utaona jukwaa lililochongwa mwambani na uwanja mtupu, basi. Nikamwelezea jinsi wazembe walivyoswagwa kutoka sokoni kwa kamba yenye rangi nyekundu, ukipakwa kila mtu ajue ulikuwa unakwepa mkutano; na kwamba baada ya 403 KK wakaanza kuwalipa wanaohudhuria, oboli (sarafu ndogo, sita kwa drakma) moja, kisha mbili, kisha tatu.

Shangazi alikuwa amekaa juu ya jiwe, kiatu kimoja mkononi, anakung'uta kokoto.

"Posho ya kikao," akasema. "Kumbe imeanzia huku."