Kozi ya jioni ya Kiingereza pale Mwanjelwa, Mbeya: maoni ya dereva wa wageni

Naipa nyota nne kwa tano. Ile moja iliyopungua nitaeleza ilikokwenda.

Mimi kazi yangu ni kuendesha wageni. Nawapokea uwanja wa Songwe, nawapeleka Ngozi kuliona ziwa, wenye muda tunapanda Kitulo miezi ya mvua maua yakichanua, au tunateremka hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kiingereza cha sekondari ninacho. Shida ni kwamba sekondari tulijazwa postpone, cancel, extinguish, tolerate, halafu mgeni akiingia kwenye gari hayasemi hayo. Anasema put off, call off, put out, put up with. Maneno mafupi ambayo kila moja peke yake hata mtoto wa darasa la nne analijua, yakikaa pamoja yanakugeuka. Wenyewe wanayaita phrasal verbs, na kozi hii inafundisha hayo tu.

Kilichonifanya nione hela yangu imekwenda mahali pazuri ni hizo mbili za kwanza, put off na call off. Mvua ikinyesha milima ya Uporoto, njia ya Ngozi inateleza, na mgeni anakupigia asubuhi. Akisema let's put it off, tarehe inasogea, advansi inabaki mkononi mwako. Akisema let's call it off, safari imekufa na mnaanza mazungumzo ya kurudishiana pesa. Dereva asiyezitofautisha atagombana na mtu bure.

Mwalimu hafundishi kwa orodha. Alianza na gari peke yake: pick up (kuchukua), drop off (kushusha), set off (kuanza safari), slow down (kupunguza mwendo), pull over (kusimama pembeni), break down (kuharibika), run out of (kuishiwa). Kila mmoja anatunga sentensi ya kazi yake. Dada mmoja anayeuza mitumba pale soko la Sido alitoka na try it on (ijaribu) na sold out (zimeisha), akawa amemaliza biashara yake yote. Muuguzi alileta pass out na throw up (kutapika), na darasa likacheka lilipogundua kuwa mgonjwa anayesema I passed out hajafaulu mtihani wowote, amezimia.

Halafu kuna suala la neno gani likae wapi. Mizigo unaweza kusema pick up the bags au pick the bags up, zote sawa. Ukiweka kiwakilishi, lazima kiingie katikati: pick them up. Pick up them hakuna. Lakini look after (kutunza) hakipasuliwi hata kidogo, ni look after them siku zote. Mwalimu alisema wazi kwamba hakuna njia ya kukisia ukiangalia maana, unakishika kitenzi pamoja na sentensi yake. Nilimheshimu kwa hilo, maana wengine wangetunga kanuni ya uongo.

Kwa gari ndogo na teksi ni get in, kwa basi, treni na ndege ni get on, na bodaboda pia ni get on. Bajaji tuliibishania mpaka muda ukaisha. Mwalimu akaipa in. Mimi bado naona bajaji za Mbeya, zikishapakia watu watano, zinastahili on.

Mama mmoja alilalamika kwamba Waingereza wanasumbua watu kwa makusudi. Mwalimu akaandika ubaoni: funga, fungua, ziba, zibua, vaa, vua. Akasema sisi tunabadilisha mwisho wa kitenzi, wao wanabandika kineno pembeni, put on na take off. Ila take off ya kwao inavua koti na inarusha ndege pia, kwa hiyo mama naye alikuwa na hoja yake.

Sasa ile nyota. Wiki za mwisho mwalimu alikuwa na dharura, akaja kijana na makaratasi ya fotokopi, orodha ya kuanzia A: act up, add up, ask around. Tukawa tunakariri, hakuna sentensi, hakuna mteja, hakuna gari. Nusu ya darasa ilipotea. Mimi niliendelea kwa sababu nilishalipa. Na chumba kiko juu ya karakana ya fundi wa kuchomelea vyuma; akiwasha grinda husikii kitu, na vitenzi hivi vinataka sikio, kwa kuwa kwa kawaida mkazo unakaa kwenye kile kineno cha mwisho, broke DOWN, si BROKE down.

Ada ni elfu thelathini kwa mwezi, saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku. Kabla ya kulipa uliza kama mwalimu mwenyewe yupo. Vaa sweta, Juni na Julai madirisha yale hayazuii kitu, na ukae benchi za mbele.